Kwenu Huingii Umebebwa

Kwa miaka yote niliyoongoza wageni ziwani kwa kayaki, mama yangu alikataa kuiita kazi. Kwake yeye kazi ni kitu kinachokuchosha ukiwa umesimama. Mimi nakaa, tena nakaa majini, miguu nimeinyoosha kama mzazi aliyetoka leba, halafu jioni narudi nyumbani nasema nimechoka. "Umechoshwa na nini?" ananiuliza, mikono yake ikiwa kwenye ungo wa dagaa, anatoa mchanga na vijiti.

Na mimi si mtu wa kunyamaza. Nilimwambia kwamba wanawake wa Mwanza wanaoweza kuchukua kundi la wageni kutoka ufukwe wetu wa Luchelele, wakawapitisha kati ya mawe, wakawazungusha visiwani upepo ukiwa umeshaamka, na kuwarudisha wote salama, hawatoshi kujaza bajaji. Na hao wachache nimewafundisha mimi. Nasema hivyo mpaka leo na sioni aibu, maana ni kweli. Mama alikuwa ananisikiliza mpaka mwisho, halafu anasema, "Haya, upumzishe mgongo wako uliokaa."

Basi siku moja, tukiwa hivyo hivyo, yeye na ungo wake, mimi nakausha nywele, akaniuliza bila kuinua uso, "Hicho kidude chenu kinaweza kunifikisha kwetu?"

Nikamwambia kwetu ndiyo hapa. Akanikata jicho.

Kwao ni kisiwani, upande wa magharibi wa ziwa, mahali ambapo leo ni hifadhi. Kuna msitu, viboko, mamba, ndege wa kila namna, na nyumba za askari. Mama ni Mzinza, alizaliwa humo, na alitolewa humo akiwa mtoto ambaye meno ya utotoni hayajaanza kung'oka, watu walipoambiwa kisiwa kitakuwa cha wanyama na wao wahamie bara. Mjomba wake alimbana kwapani kama kuku anayepelekwa mnadani, akamweka juu ya mikeka iliyokunjwa, boti ikaondoka. Hicho ndicho kilichomkaa rohoni. Kuhama hakulalamikia sana, watu wanahama. Alilalamikia mikeka. "Niliondoka kwetu nikiwa mzigo," alikuwa anasema, na sauti yake ilibadilika kila mara.

Mimi nilishamwambia mara nyingi kwamba si jambo gumu. Unaomba kibali, unapanda boti ya hifadhi, mnafika mnatembea, mnapiga picha, mnarudi. Kila mara alipata sababu. Magoti. Mvua. Msiba wa jirani. Nilidhani anaogopa kwenda kuona msitu pale alipoacha nyumba. Siku hiyo ya ungo ndipo aliponiambia sababu yenyewe.

Kwao walikuwa na mwiko wao. Nyumbani huingii umebebwa. Wanaobebwa ni watatu tu: bibi harusi, mgonjwa na maiti. Mwingine yeyote anayetoka safari, hata kama alivuka kwenda kununua chumvi tu, lazima mtumbwi uingie ghubani na yeye mkono wake uko kwenye kasia. Ukiingia umekaa tu, wanaokupokea wanakuuliza unaumwa nini. Hata watoto wadogo walipewa kijiti wapige maji, ilimradi wasiingie kwao kama magunia.

"Sasa boti ya injini nitapiga nini?" akaniuliza. "Nitapiga makofi?"

Bega lake la kulia lilikuwa limeharibika kwa miaka ya ndoo za dagaa pale mwaloni Kirumba, boti za uvuvi zinaposhusha mzigo. Daktari alishamwambia litaendelea kukaza, dawa ni ya kupunguza maumivu tu. Ndiyo maana alikuwa anauliza sasa. Alijua, na mimi nikajua, kwamba asipoingia kwao kwa mkono wake mwaka ule, hataingia tena ila kwa njia moja kati ya zile tatu, na ya bibi harusi imeshapita.

Nikamwambia, mama, maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Kesho asubuhi tunaanza.

Kaka yangu alipopata habari alipiga simu kutoka Misungwi anakolima. Hakunisalimia. "Unataka kumuua mama," akasema. Nikamwambia mama hajaomba ruhusa yako wala yangu, na kama ana neno ampigie mwenyewe. Akampigia. Sijui walichoongea, ila nilimsikia mama akisema kwa upole sana, "Ng'ombe hazeeki maini, mwanangu," halafu akakata simu. Kaka hakupiga tena wiki ile.

Siku ya kwanza ya mafunzo ilikuwa kichekesho, na nilikasirika kwa sababu watu walicheka. Kayaki ya watu wawili ina mtu wa mbele na mtu wa nyuma, na wa nyuma ndiye anayeshika usukani kwa miguu. Nikamweka mama mbele, nikamvalisha jaketi okozi, nikampa kasia. Kasia la kayaki lina bapa huku na huku, unapiga kulia, unapiga kushoto. Mama akalitazama. "Hili lina vichwa viwili," akasema. "Nimsikilize nani?" Akachagua kichwa kimoja. Akawa anapiga upande wa kushoto tu, kama alivyoona watu wakipiga kwao utotoni, na kile kichwa kingine kinanichapa maji usoni. Tukazunguka kama pia. Wanawake waliokuwa wanafua pale ufukweni waliacha nguo zao, wengine wakakaa chini kabisa kwa kucheka.

Mmoja akapaza sauti, "Mama, mnatafuta pete?"

Nilitaka kumjibu. Mama akaniwahi. "Tunakoroga ziwa," akamwambia, "maana nyie mmelijaza sabuni." Wakacheka zaidi, lakini sasa walikuwa upande wake. Kuanzia siku hiyo kila tukishuka walikuwa wanamsalimia na kumuuliza leo anakoroga au anasafiri.

Alijifunza. Sijawahi kuwa na mwanafunzi mbishi namna ile, na sijawahi kuwa na mwanafunzi mzuri namna ile. Nilimfundisha kupiga kulia na kushoto kwa zamu, akakataa zamu. Alipiga kushoto mara kadhaa, bega la kulia likipumzika, halafu anapiga kulia kidogo kama anayelipa fadhila, halafu anarudi kushoto. Mimi nikawa nasahihisha kwa usukani. Jioni namchua bega kwa dawa ya kuchua inayonuka nyumba nzima, na yeye amefumba macho, anaguna. Asubuhi namkuta ameshavaa, amefunga kitambaa kichwani, ananisubiri mlangoni. Nilijisikia fahari ambayo sikuwahi kuipata kwa wageni wote waliowahi kunisifia. Nilipita mtaani nikiwaambia watu, mama yangu anapiga kasia, wewe wako anafanya nini?

Hifadhi walitupa kibali. Niliwaeleza kila kitu bila kuficha: mama mzee, bega bovu, kuvuka kwa kayaki kutoka bara, kushuka kwa muda mfupi kwenye ghuba alikozaliwa. Wakakubali kwa sharti kwamba askari atusindikize kwa boti ya injini na yeye ndiye atakayetangulia kukagua ufukwe. Sharti la haki. Ningekuwa wao ningeweka hilo hilo.

Tuliondoka Mwanza kayaki ikiwa imefungwa juu ya gari. Daraja la Busisi tulilipita kwa dakika chache tu, na mama akanuna. Enzi za kivuko, alisema, watu walikuwa wanasubiri pale Kigongo wakala samaki wa kukaanga na mahindi, wakapata habari za kila msiba wa Geita. "Sasa tumepita kama tunafukuzwa." Ikabidi tusimame ng'ambo nimnunulie mahindi, ndipo akatulia. Usiku tulilala kwenye nyumba ya wageni karibu na mwalo unaotazamana na kisiwa. Mama alikuwa amechemsha michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, na karanga kabla hatujaondoka, akaijaza kwenye bakuli la plastiki lenye mfuniko. Nikamwambia chakula cha njiani ninacho. Akasema hicho si cha njiani, na akakiingiza yeye mwenyewe kwenye tundu la mbele la kayaki.

Asubuhi ziwa lilikuwa limelala. Askari alitukuta majini tayari. Alikuwa kijana mtaratibu, akamwamkia mama shikamoo akiwa bado botini, akatuambia tushike ubavu wa matete, tusikate katikati kwa sababu viboko wamelala upande ule. Tukaanza. Yeye akawa nyuma yetu, injini yake ikinguruma polepole.

Niseme ukweli, nimezunguka ziwa hili upande wa Mwanza mpaka nalijua kama jikoni kwangu, lakini maji yale ni mengine. Hakuna mtu. Mafunjo yanasimama mpaka huwezi kuona nyuma yake. Nzohe alitoka kidogo kwenye kinamasi, swala yule mwenye kwato ndefu, akatutazama maji yakiwa tumboni, akarudi ndani bila haraka. Furukombe alikuwa juu ya mti mkavu anapiga ukelele wake, na mwingine akawa anamjibu kutoka kisiwani. Mamba mmoja alikuwa kwenye mchanga mdomo wazi. Nikamwambia mama asogeze mkono wake ndani. "Nimemwona," akasema. "Na yeye ameniona. Endesha."

Viboko walipotokeza vichwa mbali upande wa kulia, mama aliinamisha kichwa akasema, "Shikamooni." Nikamuuliza anamwamkia nani. Akasema wale ni wenyeji, na mwenyeji huamkiwa, hata kama yeye ndiye aliyekuja akakukuta. Sikucheka. Niligonga ubavu wa kayaki kwa kasia, kama nilivyozoea, ili wajue tulipo, tukapita mbali nao.

Tulikuwa tumeshavuka sehemu kubwa upepo ulipokuja. Kwa kawaida ziwani hauji mapema hivyo. Nilianza kuuona kabla sijausikia, mstari mweusi juu ya maji, halafu mawimbi mafupi yakaanza kuipiga pua ya kayaki na kummwagia mama mapajani. Ulikuwa unatoka kisiwani, unatusukuma turudi. Ghuba tulikuwa tunaiona. Ilikuwa pale, mkunjo mdogo wa mchanga chini ya miti, na mlangoni mwake jiwe jeupe kwa mavi ya ndege mnandi. Ndiyo mkunjo wenyewe, mama alisema, na pumzi ilikuwa inamkatika kati ya maneno.

Mkono wake wa kulia ulikuwa umeanza kukataa. Nilikuwa nauona kutoka nyuma: kasia linapanda nusu, linashuka kabla ya kufika majini. Nilikuwa napiga kwa nguvu za wote wawili na bado tulikuwa kama tunatembea kwenye tope.

Askari akasogea ubavuni, akainua kamba. "Dada, nifunge niwavute? Ni pale tu."

Mgeni mwingine yeyote ningemfunga. Sina mjadala na upepo, na hilo ndilo jambo la kwanza ninalowafundisha watu. Nilinyoosha mkono kuipokea ile kamba.

"Baba," mama akamwambia askari, hakugeuka hata kidogo, "humu nilitoka nimebebwa. Sitarudi nimevutwa."

Yule kijana akanitazama mimi. Nilikuwa na hasira, na nilikuwa na hofu, na vyote viwili vilinitokea mdomoni. Nikasema, "Mama, nisikilize. Tukifika usawa wa lile jiwe jeupe mkono ukiwa umekufa, nafunga kamba, na hutaninunia."

"Nitakununia," akasema. "Lakini sawa."

Nikamwomba askari atangulie ufukweni akague na atusubiri pale, macho yake yakiwa kwetu. Akaondoka. Mama akaliweka kasia mapajani, mawimbi yanatupiga. Nilidhani anapumzika. Kumbe alikuwa anapanga. Alipoinua tena kasia alilishika vingine, kiganja cha kushoto chini kabisa karibu na maji, cha kulia kinashikilia tu juu. Akaanza kupiga kushoto. Kushoto, kushoto, kushoto, kama siku ya kwanza tulipokuwa tunakoroga ziwa pale Luchelele. Nikaukanyaga usukani kwa mguu wa kushoto ili tusizunguke. Tukasogea. Si sana, lakini jiwe jeupe lilianza kukua.

Tulipolifikia, mnandi wakaruka wote. Nyuma ya jiwe upepo ulipungua, haukuisha. Mbele yetu kulikuwa na maji ya ghuba na mchanga, na askari amesimama amekunja suruali. Mama akasema, "Sasa acha."

"Niache nini?"

"Kasia lako. Liweke juu. Nataka nijue ni mimi."

Nikaliinua kasia langu nikaliweka mapajani. Nawaambieni, ni jambo gumu kuliko kupiga. Mikono yangu yote ilikuwa inataka kusaidia. Kayaki ikasimama kabisa, ikaanza kurudi nyuma. Mama akapiga kushoto. Ikasimama. Akapiga tena, akaguna, ikaenda mbele kidogo, upepo ukairudisha, akapiga tena kabla haijarudi yote. Nilikuwa natazama mgongo wake, kitambaa kimelowa, mabega mawili, moja linapanda na jingine halipandi. Nilikuwa nalia na sikujali, kwa sababu alikuwa mbele na hakuweza kuniona. Nilisema moyoni, huyu ni mama yangu, huyu. Wale waliocheka pale ufukweni nao wangekuja wamwone.

Pua ya kayaki ikagusa mchanga. Yeye ndiye aliyeigusisha.

Askari akaingia majini mpaka magotini akashika kayaki isirudi. "Karibu sana, mama," akasema. "Karibu kisiwani."

Mama alikuwa anahema. Akasubiri pumzi imrudie, akateremka mwenyewe, mguu mmoja, halafu mwingine, akasimama kwenye mchanga akiwa amelowa mpaka kiunoni. Ndipo akamjibu. "Karibu wewe, baba. Mimi nimefika."

Yule kijana akaanza kutabasamu, halafu akauona uso wake, akaacha. Akasema kwa heshima kabisa, kama mtu aliyesimama mlangoni pa nyumba ya watu, "Ahsante, mama. Nimekaribia."

Jiwe la kusagia la kwao, alilokuwa ananisimulia tangu nikiwa mtoto, lilikuwepo, hatua chache tu juu ya mchanga, pana, lina shimo lililochimbika kwa kusagia mtama. Bibi yangu alisagia hapo, na mama yake kabla yake. Nyumba hazikuwepo, miti imezila zote, lakini jiwe hakuna wa kulihamisha. Shimo lilikuwa limejaa majani makavu. Mama akayachota kwa mkono wa kushoto, akarudi ziwani akaja na maji kwenye mfuniko wa bakuli, akalisafisha mara ya kwanza, akalisafisha tena, akalikausha kwa kitambaa cha kichwani. Hakuna aliyemsaidia kwa sababu hakuna aliyethubutu. Halafu akamimina michembe yake mle ndani, ile ambayo haikuwa ya njiani.

"Kaa ule," akamwambia askari. "Mgeni hali amesimama."

Askari akaweka bunduki yake begani vizuri, akakaa kwenye mzizi, akala. Alisema ni tamu. Mama akamwambia karanga ni za Kisesa, za kwetu huku hakuzikuta.

Mimi nilikuwa bado majini, nimeshika kayaki. Kazi yangu ni kukaribisha watu. Nimesema karibu kwa wageni wa kila rangi na kila umri, nikawapokea wakiwa wamelowa na wamechoka, nikawapa taulo na chai. Nilikuwa nawaza namna ya kuifunga kayaki, na upepo, na safari ya kurudi, maana kurudi alishakubali boti ya injini.

Mama akanyoosha kidole kwangu. "Huyu ni binti yangu," akamwambia askari. "Ana kazi nzito sana, na leo imemchosha. Msogezee hapo akae."

Kisha akanigeukia mimi, ambaye sikuwahi kufika kwetu. "Mbona umesimama huko kama umetumwa? Karibu, mwanangu."

Nikaivuta kayaki juu ya mchanga. "Ahsante, mama," nikasema. "Nimekaribia."